Mkate Mmoja, Mara Tatu

Jumanne na Alhamisi jioni, mjini Kutaisi,
ghorofa ya pili ya kiwanda cha zamani cha soksi,
tunaketi watu kumi na mmoja, kompyuta tisa.
Mimi ndiye mkubwa wao. Miaka sitini na miwili,
Nazibrola, mshona ndara za sufu,
nimekuja kujifunza kujenga duka lisilo na mlango.

Siku ya kwanza Badri hakuwasha kitu.
Aligonga meza. "Hodi!"
Tukamkodolea macho.
"Mkinyamaza, hakuna mtandao. Semeni karibu,
nami niseme ahsante, naingia.
Mashine mbili haziongei neno kabla ya hayo matatu."
Nikaandika: hata vyuma vina adabu.

Akatufunza jinsi ujumbe unavyokatwa vipande,
kila kipande na nambari mgongoni, na njia yake;
cha saba chaweza kutangulia cha pili,
kilichopotea huombwa tena bila matusi.
Hapo sikutoka jasho. Nimefumua masweta mangapi,
nikayafuma upya kwa uzi uleule?

Wiki ya nne ndiyo iliyonikaba koo.
"Seva," alisema, "haikumbuki.
Kila ombi kwake ni geni.
Uliuliza bei sasa hivi? Geuka, rudi:
hakujui."
Vijana wakaandika. Mimi nikaweka kalamu chini.

Nyumbani kwangu yuko Valiko,
fundi saa, mume wangu wa miaka thelathini na tisa,
ambaye siku hizi huniuliza, kikombe mkononi,
kwa heshima zote:
"Samahani mama, wewe ni nani wa hapa?"

"Basi watu hufanyaje?" nikauliza,
kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.
"Seva humpa mgeni kuki, kikaratasi tu.
Kila arudipo anakionyesha.
Kumbukumbu haikai kwa seva. Anaibeba anayerudi."

Anaibeba anayerudi.
Tangu siku ile sigombi naye.
Asubuhi naonyesha kikaratasi changu:
mimi ni Nazibrola, ulinioa wakati wa kuvuna zabibu,
ilinyesha, na viatu vyako vilikuwa vya kuazima.
Adhuhuri nakionyesha tena.
Usiku tena.

Halafu malipo.
Mtandao umekwama, mnunuzi ana wasiwasi,
anabonyeza, anabonyeza, anabonyeza.
Atozwe mara tatu?
"Ipeni kila oda nambari yake," akasema Badri.
"Ije mara moja, ije mara mia, ni oda ileile."
Sikungoja kipindi kiishe.

Maana Valiko hununua mkate asubuhi,
akaurudia kununua, akaurudia,
mpaka kuku wetu wamenenepa kuliko sisi.
Nikakata kadi, nikaziandika nambari, moja kwa siku,
nikampelekea Tsiala nakala pale tanurini.
Sasa mume wangu akitokea mara ya pili, ya tatu,
Tsiala hutazama kadi, hutazama daftari,
humwambia: "Valiko, huu umeshalipiwa, uko nyumbani."
Naye hurudi mikono mitupu, uso ukimeremeta
kama mtu aliyesamehewa deni.

Duka langu nililifungua Mei. Sitasema limenitajirisha.
Jozi nne, moja ikarudishwa, ilibana.
Ila usiku ule wa kwanza nilipoandika jina langu juu ya ukurasa,
herufi zetu za Kijojia zilivunjika zote:
zikatoka alama za kuuliza, tisa, zimepanga foleni.
Valiko alikuwa amesimama nyuma ya kiti.
Aliinama, akazisoma kwa kidole, taratibu.
"Hivyo hasa," akasema, "ndivyo ninavyokuona."

Nikatafuta kosa hadi saa nane.
Ulikuwa mstari mmoja tu, wa usimbaji.
Nikaurekebisha, jina likarudi, herufi zote tisa,
kwenye kioo.